Kwa nini kampuni kubwa za gemu hununua studio ndogo kisha kuzifunga?

Katika mabanda ya gemu ya Lugoba na Chalinze, kama katika miji mingine ya barabara kuu, mchezo unaogombewa ni mpira. Kijana anashika padi, anachagua timu, na kabla mechi haijaanza nembo ya EA Sports inatokea kwenye skrini. Hiyo ni ya Electronic Arts, kampuni ya Marekani ambayo pia ina historia ndefu ya kununua watengenezaji wadogo wa gemu na baadaye kuwafunga.

Iliinunua studio ya Westwood mwaka 1998 na kuifunga 2003. Pandemic, iliyonunuliwa miaka ya mwisho ya 2000, ilifungwa Novemba 2009. 

Studio na kampuni kubwa zinatofautianaje?

Studio ni kundi la waandika programu, wachoraji na watunzi wa muziki wanaotengeneza gemu. Kampuni kubwa hutoa mtaji, hutangaza na kuuza. Gemu kubwa huchukua miaka kadhaa, na muda wote huo mishahara inalipwa kabla ya kuuzwa hata nakala moja. Studio isiyo na akiba hujikuta ikitafuta mnunuzi.

Mnunuzi naye anataka vitu viwili: wataalamu, na haki ya kumiliki gemu zenye jina. Wataalamu wanaweza kuachishwa kazi. Haki hubaki kwake hata studio ikifungwa.

Je, hufungwa kwa sababu zimeshindwa?

Si mara zote. Mwaka 2021 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa ZeniMax, mmiliki wa studio kadhaa, kwa dola bilioni 7.5. Mei 2024 ikatangaza kuzifunga tatu kati ya hizo: Arkane Austin, Alpha Dog na Tango Gameworks ya Japani. Gemu ya mwisho ya Arkane Austin, Redfall, ilikuwa imepokelewa vibaya. Lakini Hi-Fi Rush ya Tango ilikuwa imesifiwa sana na kuvutia wachezaji zaidi ya milioni 3.

Sababu kubwa iko kwenye hesabu za kampuni nzima. Wakati wa corona, mwaka 2020 na 2021, watu walikaa ndani, gemu ziliuzika na mikopo ilikuwa nafuu. Wakubwa wakanunua kwa pupa. Kisha wachezaji wakarudi kwenye shughuli zao na riba ikapanda. Embracer ya Sweden, iliyokuwa imenunua studio nyingi, ilikosa mkataba wa dola bilioni 2 Mei 2023. Agosti mwaka huohuo ikaifunga Volition, watengenezaji wa Saints Row.

Anayekata gharama hutazama orodha ya studio akiwa mbali, na kuanza na ile ambayo gemu yake inayofuata bado iko mbali sokoni. Sifa za gemu iliyopita hazilipi mishahara ya miaka inayokuja.

Haya si mageni kwetu

Mwaka 2002 kampuni kubwa za bia za Afrika Mashariki zilikubaliana kugawana soko. Kibo Breweries ya Moshi ikaingia mikononi mwa TBL na kiwanda kikafungwa. Upande wa Kenya, kiwanda cha Castle cha Thika nacho kikafungwa. Aliyeshika umiliki ndiye aliyeamua mitambo ipi iendelee.

Kijana wa hapa anajifunza nini?

Agosti 2024 Krafton ya Korea Kusini iliwachukua wafanyakazi wa Tango pamoja na haki za Hi-Fi Rush, na studio ikafufuka. Lakini gemu zake za zamani, kama The Evil Within, zilibaki Microsoft. Watu walirudi kazini, lakini si kazi zao zote zilizorudi nao.

Afrika kuna njia nyingine iliyojaribiwa. Mwaka 2022 studio 10 ziliungana katika Pan Africa Gaming Group, zikiwemo Khanga Rue ya Tanzania, Usiku Games ya Kenya na Leti Arts ya Ghana. Lengo ni kusaidiana kupata mtaji na soko bila kila moja kusubiri tajiri wa nje.

Basi kijana anayejifunza kuandika programu, siku akiletewa mkataba, asiishie kuuliza bei. Aulize: jina na wahusika wa gemu vitabaki kwa nani? Studio ikifungwa, haki zitarudi kwetu au zitakaa kabatini kwa mnunuzi? Sheria ya hakimiliki ya Tanzania inalinda programu za kompyuta, na kazi inaweza kusajiliwa COSOTA. Ulinzi huo humsaidia mwenye haki, na ukishatia saini ya kuiuza, mwenye haki ni mwingine.