Gari-nyumba katika milima ya Cape Breton: Uzani ndio huamua safari

BAADHI ya watalii wanaozuru kisiwa cha Cape Breton, mashariki mwa Canada, hawana haja ya hoteli. Huja na magari-nyumba, yaani magari makubwa yenye vitanda, jiko, friji na choo ndani yake. Wala hawahitaji kivuko, kwa kuwa tangu mwaka wa 1955 kisiwa hicho kimeunganishwa na bara la mkoa wa Nova Scotia kwa barabara iliyojengwa juu ya tuta la mawe baharini.

Kinachowavutia ni Cabot Trail, barabara ya takriban kilomita 300 inayozunguka kaskazini mwa kisiwa. Karibu theluthi moja yake imo katika Mbuga ya Kitaifa ya Cape Breton Highlands, iliyobuniwa mwaka wa 1936. Magharibi ni Ghuba ya St Lawrence, mashariki ni Bahari ya Atlantiki, na baina yake ni milima inayoporomoka hadi ufuoni.

Milima hiyo ndiyo mtihani wenyewe. Baada ya kijiji cha Cheticamp, barabara hupanda French Mountain hadi zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka MacKenzie Mountain kwa kona kali mpaka Pleasant Bay, karibu na maji. Mbele yake kuna North Mountain. Dereva anayekanyaga breki mfululizo katika mteremko kama huo huzipasha moto hadi zikapoteza uwezo wa kushika, na gari lenye uzani wa tani kadhaa halina jingine la kulizuia. Dawa yake ni kuingiza gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, injini ilizuie gari, na breki ziguswe kwa vipindi. Wakenya wanaoikumbuka Salgaa, na malori yaliyoteremka pale bila gia ili kuokoa mafuta, hawahitaji maelezo zaidi.

Hata maji ya kuoga huhesabiwa. Lita moja ni kilo moja; tangi la lita 150 likijazwa kabla ya mlima, injini na breki zimeongezewa kilo 150 zisizo na faida njiani. Ni afadhali kulijaza karibu na kambi.

Mwelekeo nao ni muhimu. Nchini Canada magari huendeshwa upande wa kulia. Anayezunguka kisiwa kwa kufuata mishale ya saa huwa upande wa mlima, mbali na genge. Anayezunguka kinyume chake hupata mandhari bora zaidi ya bahari, lakini magurudumu yake huwa karibu na ukingo. Kwa mgeni wa magari hayo, mandhari yanaweza kusubiri: kuna maegesho mengi ya kusimama na kutazama.

Kisha kuna upepo. Wakazi wa Cheticamp, wengi wao wa asili ya Kifaransa, huuita suête. Hutoka kusini-mashariki, hushuka mlimani kwa kishindo, na nyakati nyingine hufikia kasi ya kilomita 200 kwa saa. Gari-nyumba ni refu na ubavu wake ni kama tanga. Utabiri ukiutaja upepo huo, ni heri kubaki kambini. Jioni pia si wakati wa kuwa barabarani, kwani musi, mnyama wa jamii ya kulungu anayeweza kuwa na zaidi ya kilo 400, huvuka bila hadhari.

Kambini, maji taka ya choo na ya jikoni humwagwa katika vituo maalumu pekee, si kichakani wala baharini. Eneo la Cap Rouge, ambako leo wageni hulala wakisikiliza mawimbi, lilikuwa makazi na mashamba ya familia za Kiakadia, zilizohamishwa ili kuipisha mbuga.