Muziki Uliokimbia Mengo

Mwaka 1966 jeshi lilivamia Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo, Kampala. Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, mkimbizi kama sisi. Wapigaji wake wakatawanyika.

Lakini muziki haukufa. Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu, aliwapigia watu na kuwafundisha kwenye Makumbusho ya Uganda. Amadinda ni marimba ya mbao 12, hupigwa na watu 3. Mmoja akikosa, wimbo haukamiliki.

Nasi hapa kambini ni vivyo hivyo. Vijana wakipiga, nenda, kaa, piga makofi. Huna shilingi ya kuchangia? Mpeleke mtoto akajifunze. Mpigaji asiye na watu huacha, na akiacha, nyimbo za nyumbani zinapotea naye.