Uchaguzi wa Vitabu vya Fizikia kwa Mtihani wa Kuingia Vyuo vya Utabibu nchini India

Vijana wa India wanaotaka kusomea udaktari hufanya mtihani mmoja wa taifa zima, unaojulikana kwa ufupisho wake, NEET. Mtihani huu ulifanywa mara ya kwanza mwaka 2013, ukabatilishwa na Mahakama ya Juu mwaka huo huo, kisha ukarejeshwa mwaka 2016. Mwaka 2025 walijiandikisha watu zaidi ya milioni 2, hali nafasi za shahada ya kwanza ya utabibu ni kiasi cha laki moja na ushei tu. Maswali yalikuwa 180, nayo muda wake dakika 180: ya biolojia 90, ya kemia 45 na ya fizikia 45. Jibu sahihi huleta alama 4, kosa huondoa alama 1, na hesabu zote hufanywa kwa mkono.

Wengi wa watahiniwa hawa wameipenda biolojia tangu utotoni, na fizikia ndiyo inayowatoa jasho. Kwa hiyo swali la kitabu kipi kinunuliwe huulizwa kwa hofu, na aghalabu hujibiwa kwa orodha ndefu ya majina. Walakini lipo jambo moja ambalo orodha hizo huliacha, nalo ni la wataalamu wa lugha zaidi kuliko wauza vitabu: kitabu kimeandikwa kwa istilahi zipi, na je, ndizo zitakazokutwa katika karatasi ya maswali?

Mtihani hutolewa kwa lugha 13. Aliyechagua Kiingereza hupewa maswali ya Kiingereza peke yake. Aliyechagua Kihindi, Kitamil, Kibengali au nyingine hupewa yenye lugha mbili, yake na Kiingereza. Ikizuka shaka juu ya tafsiri, Kiingereza ndicho kinachofuatwa. Kanuni hii fupi ina uzito kuliko inavyodhaniwa, maana asiyejua Kiingereza cha fizikia hata kidogo hana mahali pa kukimbilia tafsiri ikimpotosha.

Itazamwe hali ya Kihindi. Sokoni uzito huitwa vazan, neno lenye asili moja ya Kiarabu na uzani wa Kiswahili. Kitabu cha fizikia husema bhar. Barabarani kasi ya gari ni raftar, neno la Kiajemi. Kitabu husema chal. Istilahi za kitabu zimechimbwa katika Kisanskriti, na tangu mwaka 1961 ipo Tume ya serikali inayozisimamia. Kazi yake si ya kubezwa. Kutokana na veg, yaani velositi, hupatikana samveg, ambayo ni momenta, na aveg, ambayo ni zao la kani na muda wa kutenda kwake. Ukoo wa maneno huonekana wazi. Lakini mtu mwenye dakika moja kwa kila swali huweza kuponzwa na ukoo huo huo, kwa kuwa samveg, aveg na avesh (ndiyo chaji ya umeme) hufanana machoni.

Zaidi ya hayo kuna neno shakti. Katika maongezi lamaanisha nguvu za kila namna. Katika fizikia ni kiwango cha kazi kwa muda tu, na kani huitwa bal. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani neno nguvu limebebeshwa mzigo uo huo, hata ikalazimu kulitengea kila jambo neno lake, kama vile kani na nishati. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ila katika Tanzania mwombaji wa utabibu hupimwa kwa matokeo ya kidato cha sita, ambayo mitihani yake ya sayansi ni ya Kiingereza, na istilahi hizo hazikuti mlangoni mwa chuo.

Kwamba jambo hili si la nadharia tu lilidhihirika katika Tamil Nadu mwaka 2018. Ilidaiwa kuwa maswali 49 ya karatasi ya Kitamil yalikuwa na makosa ya tafsiri. Mwezi Julai mahakama iliyoketi Madurai iliamuru waliofanya mtihani kwa Kitamil waongezewe alama 4 kwa kila swali, jumla 196. Mwezi Novemba Mahakama ya Juu ikaitengua amri hiyo.

Basi kitabu cha kwanza ni kile cha baraza la elimu la taifa, NCERT, cha darasa la 11 na la 12, ambacho baraza hukitoa kwa Kiingereza, Kihindi na Kiurdu. Mtahiniwa wa Kitamil hutegemea vitabu vya jimbo lake, na yampasa awe na kile cha Kiingereza kando. Kitabu cha pili kiwe cha mazoezi. H. C. Verma, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha ufundi cha Kanpur, ameandika Concepts of Physics katika juzuu mbili. Maelezo yake ni safi, ingawa baadhi ya mazoezi yake yataka muda ambao mtihani huu hautoi. Wanaojipakia Irodov, mkusanyo mgumu wa Kirusi uliotafsiriwa, hujitwisha mzigo wa safari nyingine.

Cha tatu, tena chenye faida kuliko wengi wanavyodhani, ni karatasi za miaka iliyopita zenye lugha mbili. Zisomwe sambamba, sentensi kwa sentensi, na kila istilahi iandikwe daftarini pamoja na mwenziwe wa Kiingereza na alama yake ya hesabu. Zile zilizotangulia mwaka 2024 zichujwe kwanza, kwani muhtasari wa masomo ulipunguzwa kuanzia mtihani wa mwaka huo.