Maji ya Kivu na Vipande vya Plastiki

Ndugu msomaji, pengine umesikia redioni ya kwamba maji yana vipande vidogo vya plastiki, na ya kwamba watu wa nchi nyingine wametafuta njia mpya za kuvichuja. Wauliza, Je, njia hizo ni salama? Zatufaa sisi tunaoteka maji ziwani kwa bidoni?

Sashe na chupa tunazotupa hazioi kama jani la mgomba. Jua huzikausha, mawimbi huzisaga, nazo huvunjika mpaka vipande visivyofika milimita 5. Vingine jicho haliwezi kuviona. Tazama barabara za Goma wakati wa mvua kubwa, jinsi takataka zote zinavyoshuka ziwani! Plastiki ya ziwa hili hufika mpaka Bukavu, na mara nyingi imeziba mitambo ya umeme ya Ruzizi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema ya kwamba madhara ya vipande hivi katika maji ya kunywa hayajathibitishwa, uchunguzi uendelee, lakini vijidudu ndivyo vya kuogopwa kwanza. Sisi wa Goma twajua sababu. Mwaka 1994 maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walikufa hapa kwa kolera na kuhara damu katika majuma machache. Kolera yaweza kumwua mtu siku ile ile. Basi kila njia mpya uiulize hivi: Je, yaondoa vijidudu pia?

Mbegu za mlonge, au moringa, hukusanya uchafu ukazama chini. Wataalamu wa Brazili walionyesha ya kwamba hukusanya plastiki vilevile, na wa Texas walipata jambo kama hilo kwa bamia. Ni habari njema. Lakini maji yaliyotakata machoni bado yaweza kuwa na kolera, tena yaliyotiwa mbegu huharibika upesi yakikaa. Usiyanywe bila kuyachemsha au kuyatia klori.

Klori nayo huua vijidudu, lakini haiondoi plastiki. Usiiache kwa sababu hiyo! Wale wanaoitia kwa sindano katika bidoni pale ufukoni wanaokoa maisha. Ngoja dakika 30, ndipo unywe.

Kuchemsha kwanipendeza kuliko njia zote. Mwaka 2024 wataalamu wa China walichemsha maji yenye chokaa nyingi kwa dakika 5. Ile chokaa iligandamana na kuivuta plastiki pamoja nayo. Walipochuja, karibu sehemu 90 katika 100 ziliondoka. Katika maji yasiyo na chokaa ziliondoka 25 tu. Kama sufuria yako huota gaga jeupe, maji yako yana chokaa. Yachemshe, yaache yapoe bila kuyakoroga, uyamimine polepole katika kitambaa safi kilichochemshwa, na yale ya chini yenye mashapo uyamwage.

Najua makala ni ghali, mama. Ukiwa na kidogo, chemsha maji ya watoto wadogo na ya mgonjwa. Mengine yatie klori.

Kitambaa kiwe cha pamba, maana nailoni hutoa nyuzi za plastiki zenyewe. Kikunje mara kadhaa, ukifunge mdomoni mwa bidoni unapoteka, kabla ya klori. Katika vijiji vya Bangladesh kuchuja kwa nguo ya sari iliyokunjwa kulipunguza kolera karibu nusu. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2003. Plastiki iliyo ndogo sana itapita, lakini vipande vikubwa na takataka vitabaki.

Wengi husafisha bidoni kwa kutia mchanga na mawe madogo na kuitikisa kwa nguvu. Mawe hayo hukwaruza plastiki ya ndani, na unga wake huingia katika maji yenu. Tumieni sabuni na maji ya moto kidogo, msuuze vizuri, na bidoni iliyopasuka-pasuka ndani iwekeeni maji ya kufua.