Kumngoja mtoto wa mbali: Ahadi iliyokatizwa njiani

Kumngoja mtoto ni jambo ambalo kila nyumba inalifahamu. Mama hungoja miezi tisa, baba huhesabu siku, bibi hutayarisha nguo na majirani huuliza habari. Lakini ipo namna nyingine ya kungoja, isiyo na tumbo linalokua wala siku iliyokadiriwa na mkunga. Ni kungoja kwa mume na mke walioamua kumlea kama wao mtoto aliyezaliwa na wengine, katika nchi ya mbali, anayesema lugha wasiyoijua, na ambaye uso wake wameuona katika picha tu.

Tuwafikirie mume na mke wa namna hiyo katika mji mmoja wa Marekani, mwaka 2019. Wametenga chumba, wamekipaka rangi na kutandika kitanda kidogo. Ukutani wameweka picha ya msichana wa miaka minne anayeishi katika makao ya watoto huko China, ambaye alizaliwa na kasoro ya moyo. Huko aliko, walezi wake nao wamekwisha kumwonyesha picha ya watu wawili wageni na kumwambia kuwa hao ndio baba na mama yake, na kwamba watakuja kumchukua.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 ukaingia ugonjwa wa UVIKO-19, na safari zote zikasimamishwa. Mume na mke wakaambiwa wasubiri. Wakasubiri mwaka mmoja, miwili, mitatu, minne. Ndipo Septemba 2024 serikali ya China ilipotangaza kuwa haitatoa tena watoto wake kulelewa ng'ambo. Msichana yule wa miaka minne alikuwa sasa wa miaka tisa. Kitanda kilichotandikwa kwa ajili yake kilikuwa kimekwisha kuwa kifupi.

Watu hawa ni wa mfano, lakini yaliyowapata si ya kubuni. Familia mamia za Kimarekani zilikuwa katika hali hiyo siku tangazo lilipotolewa: zimekwisha kuonyeshwa mtoto, zimekwisha kumkubali, na mara nyingi mtoto mwenyewe amekwisha kuambiwa. Habari yao yafaa kutazamwa kwa makini, maana ndani yake mna swali linalomhusu kila mzazi na kila taifa: je, mtoto hutafutwa kwa ajili ya wazazi, au wazazi ndio hutafutwa kwa ajili ya mtoto?

NJIA YENYE HATUA NYINGI

Kumwasili mtoto maana yake ni kumfanya kuwa mwanao kwa mujibu wa sheria, mwenye jina lako na haki ya urithi wako. Kwa mtoto wa nchi nyingine, kazi hiyo haifanywi kwa siku moja. Kwanza ofisa wa ustawi wa jamii huja nyumbani kwa waombaji. Hutazama vyumba, huuliza habari za ndoa yao, kipato chao, malezi waliyopata utotoni na namna watakavyomwadhibu mtoto akikosa. Kisha hufuata vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, barua za mwajiri, taarifa ya daktari, alama za vidole na uthibitisho wa polisi kwamba hawana rekodi ya uhalifu. Gharama zote pamoja hufikia makumi ya maelfu ya dola, na wafanyakazi wengi wa kawaida hulazimika kukopa au kuweka akiba kwa miaka.

Jalada likikamilika lilipelekwa Beijing, kwenye ofisi ya serikali iliyoshughulikia mambo hayo. Hapo ndipo kungoja kwenyewe kulipoanza. Siku moja ingefika picha, pamoja na karatasi chache zinazoeleza umri wa mtoto, afya yake na mahali alipookotwa. Familia ikikubali, iliandikiwa kibali cha kusafiri. Ilimpokea mtoto katika jimbo lake, kisha ikaenda naye Guangzhou, kwenye ubalozi mdogo wa Marekani, kumpatia viza ya kuondokea.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Lakini walisema pia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mzazi wa namna hii hana la kufanya ila kuitazama picha, na kujua kwamba kila mwezi unaopita mtoto anakua bila yeye. Meno ya utotoni yanang'oka na wa kuyaokota ni mwingine.

MLANGO ULIVYOFUNGULIWA

Ili kufahamu jambo hili lazima turudi nyuma. Mnamo mwaka 1979 na 1980 China ilianza siasa ya kila familia kuwa na mtoto mmoja, kwa nia ya kupunguza ongezeko la watu. Waliovunja agizo walitozwa faini kubwa na kuadhibiwa kwa njia nyinginezo. Vijijini, ambako mtoto wa kiume ndiye aliyetarajiwa kuwalea wazazi uzeeni, watoto wengi wa kike, na watoto waliozaliwa na ulemavu, waliachwa sokoni, kwenye milango ya hospitali au kando ya barabara. Kumtupa mtoto ni kosa la jinai, kwa hiyo mzazi alimwacha mahali atakapoonekana upesi, kisha akaondoka bila kuacha jina. Makao ya watoto yakajaa.

Sheria ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika mwaka 1992, iliwaruhusu wageni kuwaasili watoto hao. Tangu hapo hadi mlango ulipofungwa, watoto zaidi ya 160,000 walichukuliwa kwenda nchi mbalimbali, na zaidi ya nusu yao, yaani 82,000 na ushei, walikwenda Marekani. Mwaka 2005 peke yake Marekani ilipokea watoto karibu 7,900 kutoka China.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Maisha ya wananchi wa China yaliinuka, familia za Kichina zenyewe zikaanza kuasili, na watoto wenye afya waliokuwa wakiachwa wakapungua. Waombaji wa ng'ambo wakawa wengi kuliko watoto, na walioingia kwenye foleni ya kawaida wakangoja miaka mitano na zaidi. Katika miaka ya mwisho, karibu watoto wote waliotolewa walikuwa na maradhi au ulemavu: kasoro ya moyo, mdomo uliopasuka, upofu, ulemavu wa akili. Hao ndio waliokuwa wakingojwa mwaka 2020.

Siasa ya mtoto mmoja ilikomeshwa mwanzoni mwa mwaka 2016, na mwaka 2021 familia ziliruhusiwa kuzaa watoto watatu. Nchi iliyokuwa ikiogopa wingi wa watu sasa inaogopa uchache wa watoto. Mwaka 2023 walizaliwa kama milioni tisa tu katika taifa la watu zaidi ya bilioni 1.4. Katika hali hiyo si ajabu kwamba taifa lilijiuliza kwa nini liendelee kuwatoa watoto wake.

MTOTO ASIWE BIDHAA

Yafaa tukumbuke pia kwamba hisani hii haikuwa safi siku zote. Penye fedha nyingi na wazazi wenye hamu, wachuuzi hawakosekani. Familia za kigeni zilipewa sharti la kuyachangia makao ya mtoto kiasi cha dola 3,000. Mwaka 2005 iligunduliwa katika jimbo la Hunan kuwa baadhi ya makao yalikuwa yakinunua watoto wachanga kutoka kwa walanguzi, na mwaka 2006 mahakama iliwatia hatiani waliohusika. Kwa hiyo wapo wazazi wa Kimarekani waliomlea mtoto kwa mapenzi yote huku wasijue kwamba mama yake hakumtupa.

Korea ya Kusini ilipitia njia hiyo hiyo mapema zaidi. Baada ya vita vilivyokoma mwaka 1953, nchi hiyo ilianza kuwapeleka yatima wake ng'ambo. Vita vilikwisha, lakini safari hazikukoma. Mwaka 1985 pekee walipelekwa zaidi ya 8,800, wakati ambapo nchi ilikuwa imekwisha kuendelea kiviwanda. Machi 2025 tume ya ukweli na maridhiano ya nchi hiyo ilieleza kuwa serikali ilishindwa kulinda haki za watoto hao, na kwamba kumbukumbu zilighushiwa, watoto wenye wazazi wakaandikwa kuwa ni yatima.

Afrika Mashariki nayo haikusalimika. Nchini Uganda, kabla sheria haijarekebishwa mwaka 2016, wageni waliweza kupata amri ya mahakama ya kuwa walezi tu, kisha wakaondoka na mtoto na kumwasili kwao. Wapo wazazi waliotia dole gumba kwenye karatasi wakidhani mtoto anakwenda kusomeshwa, naye atarudi. Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili, wakili mmoja na mumewe wa nchi hiyo, kwa tuhuma za kushiriki katika mpango wa namna hiyo. Kenya ilisimamisha uasili wa kimataifa mwaka 2014. Ethiopia iliupiga marufuku mwaka 2018.

Kwa ajili ya maovu kama hayo mataifa yalikubaliana mjini The Hague, mwaka 1993, juu ya mkataba wenye msingi ulio wazi. Mtoto kwanza abaki kwa wazazi wake. Likishindikana, alelewe na jamaa au familia ya nchi yake. Hilo nalo likishindikana, ndipo itazamwe familia ya ng'ambo. Ridhaa ya mzazi isinunuliwe kwa fedha. Kwa maneno mengine, wazazi hutafutwa kwa ajili ya mtoto, wala si mtoto kwa ajili ya wazazi.

AHADI NI DENI

Kwa hiyo hatuwezi kuilaumu nchi yoyote inayosema kuwa itawalea watoto wake yenyewe. Hiyo ni haki yake, na ni heshima yake. Tangazo la Septemba 2024 liliacha nafasi kwa jamaa wa damu wa karibu na kwa wazazi wa kambo peke yao. Ubalozi wa Marekani ulipouliza juu ya familia zilizokwisha kuonyeshwa watoto, ulijibiwa kwamba maombi yote nje ya nafasi hizo hayataendelea, hata yawe yamefika hatua gani.

Hapo ndipo penye uchungu. Kufunga mlango kwa wanaotaka kuanza safari ni jambo moja. Kumfungia mtoto aliyekwisha kuambiwa kuwa mama yake yu njiani ni jambo jingine. Mtu mzima aliyekosa anaweza kusoma gazeti na kuelewa sababu za serikali. Mtoto wa miaka tisa haelewi sababu. Anachoelewa ni kuwa kwa mara ya pili katika maisha yake ametazamia mzazi na mzazi hakuja. Na kwa kuwa wengi wao ni wagonjwa au walemavu, si rahisi kupata familia nyingine iliyo tayari kuwachukua.

Wakati nao hauwangoji. Sheria ya Marekani hutaka maombi ya mtoto wa kuasiliwa yawasilishwe kabla hajatimiza miaka 16. Aliyeonyeshwa picha ya wazazi akiwa na miaka kumi na mmoja mwaka 2019 alitimiza 16 mwaka ule ule wa tangazo.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nasi hatuna budi kukubali kuwa waliongoja miaka mitano karibu na kitanda kitupu wameonja uchungu huo, ijapokuwa hawakuzaa. Lakini mwenye hasara kubwa si wao. Mwenye hasara kubwa ni yule aliyekuwa upande wa pili wa picha.

FUNZO KWETU

Katika nyumba zetu, kumlea mtoto wa ndugu si jambo geni. Shangazi humchukua mtoto wa kaka yake aliyefariki, bibi hulea wajukuu, na mara nyingi hakuna karatasi hata moja. Huo ni utu wetu, na tuudumishe. Lakini kwa mgeni anayetaka kumwasili mtoto wa Kitanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inadai awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, na awe amemlea mtoto huyo kwa muda usiopungua miezi mitatu chini ya uangalizi wa ofisa wa ustawi wa jamii. Wapo wanaoona masharti hayo kuwa mazito. Baada ya kuyasikia ya Hunan, Korea na Uganda, tunaweza kufahamu faida yake.

Kwa hiyo mzazi asitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, hata kama aliyeileta ni mfadhili mwema. Aipeleke kwanza kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Na sisi sote, wenye kulea wa kuwazaa na wa kuwachukua, tuchunge ndimi zetu. Usimwambie mtoto "nitakuja kukuchukua" kama safari yenyewe haimo mikononi mwako. Yeye hataisahau siku hiyo.

Huko ng'ambo, picha zingali ukutani katika nyumba nyingi. Katika makao ya watoto nako, bila shaka wapo walioendelea kuitunza picha ya watu wawili waliosemekana wanakuja. Hakuna kati ya pande hizo mbili aliyekosea kwa kupenda. Waliokosea ni waliouacha mwendo wa sheria upitane na neno lililokwisha kusemwa kwa mtoto.