Nta, Udongo na Malalamiko: Utangulizi wa Usomaji wa Hataza

Tangu mwaka 1872, ofisi ya hataza ya Marekani hutoa gazeti lake rasmi kila wiki, na anayelifungua kwa mara ya kwanza huchanganyikiwa. Mashine ya kupaka nta vyombo vya karatasi inakaa jirani na mashine ya kulimia, kisha vifungo vya nguo, kisha breki za treni. Karibu, mwanafunzi. Vurugu hiyo ndiyo uwanja wetu, na baada ya muda utaanza kuipenda.

Makubaliano yanayobeba kila hataza ni ya kale. Venezia iliyaweka katika sheria mwaka 1474, Uingereza ikafuata mwanzoni mwa karne ya 17, Marekani mwaka 1790: mvumbuzi aweke wazi siri yake, na dola impe haki ya kuwazuia wengine wasiitumie kwa muda fulani. Kutokana na hapo tumepata nyaraka zenye sehemu tatu, yaani michoro, maelezo na madai. Wanasheria husoma madai. Wageni hutazama michoro. Mimi nawaomba wanafunzi waanzie kwenye zile aya za awali za maelezo, ambamo mvumbuzi anaeleza kwa nini vifaa vya waliomtangulia havifai. Sijui hifadhi nyingine inayotunza habari za kushindwa kwa uaminifu kiasi hicho, maana waliofanikiwa hupenda kusahau, lakini mwombaji wa hataza analazimika kukumbuka.

Tuanze na nta. Mwanzoni mwa karne ya 20, wasafiri wa treni na watoto wa shule Marekani walikunywa maji kwa kikombe kimoja cha wote, hadi madaktari wakapiga kelele, na jimbo la Kansas likakipiga marufuku mwaka 1909. Wakati huohuo Lawrence Luellen, akishirikiana na Hugh Moore, alikuwa akiuza kikombe cha karatasi cha kutumiwa mara moja. Mwaka 1915 John Van Wormer wa Toledo, Ohio, akapata hataza ya chupa ya maziwa ya karatasi, ambayo ingefika kiwandani ikiwa bapa, ikunjwe, igundishwe, kisha ichovywe kwenye parafini. Husimuliwa kwamba alichoshwa na chupa ya kioo iliyomvunjikia. Inawezekana, lakini hadithi za namna hiyo hazitufundishi kazi yenyewe ilikuwa na ugumu gani.

Ugumu ulikuwa kwenye joto. Nta ya moto sana huzama ndani ya karatasi na kuacha uso mkavu usiozuia maji vizuri. Nta iliyopoa mno hushika kwa nje ikawa nene, na chombo kikikunjwa hupasuka na kubanduka, vipande vikaelea kwenye maziwa. Wengine waliipitisha karatasi kwenye maji baridi mara tu baada ya kuipaka, ili nta igande juu kabla haijazama. Kila jibu lilizaa lalamiko jipya, na kila lalamiko hataza mpya, hadi plastiki ya polithini ilipoisukuma nta kando baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Waliosoma shule za msingi Kenya miaka ya 1980 walishika matunda ya mabadiliko hayo mikononi: pakiti za pembe tatu za maziwa ya Nyayo ni za ukoo wa kampuni ya Tetra Pak, iliyoanzishwa Lund, Sweden, mwaka 1951.

Sasa shambani, na usidhani tumebadili mada. Fundi wa karatasi anataka nta ing'ang'anie. Fundi wa plau anataka udongo uachie. Charles Newbold wa New Jersey alipata hataza ya plau ya chuma cha kalibu mwaka 1797, na wakulima wakaikataa wakihofia kuwa chuma kitatia ardhi sumu. Jethro Wood, mwaka 1819, alileta plau ya vipande vinavyobadilishwa, hivyo ncha ikivunjika hununui plau nzima. Lakini katika ardhi nzito ya Illinois udongo ulinata kwenye bamba, na mkulima alisimama kila mara kuukwangua. Mwaka 1837 John Deere alitengeneza bamba la chuma cha pua lililosuguliwa likang'aa, na udongo ukateleza. Plau hiyo maarufu hakuiombea hataza.

Jambo hilo lisikupite. Hifadhi ya hataza haioni kila kitu. Wafua chuma wa Ufipa, Tanzania, na Warongo waliofua majembe karibu na Ziwa Viktoria, walitatua matatizo ya tanuru na makali bila kuandika dai hata moja. Anayehesabu hataza akidhani anahesabu uvumbuzi atatoka na ramani yenye mabara matupu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Arthur Clifford Howard, kijana wa Gilgandra, Australia, aliyeanza mwaka 1912 kuzungusha visu vya kulimia kwa nguvu ya injini. Visu vyake vya kwanza viliutupa udongo pembeni. Akavipinda vikawa na umbo la herufi L, akaviachanisha kwenye mhimili, na mwaka 1920 akaomba hataza. Ukiiona pawatila, ile trekta ndogo ya kusukumwa kwa mkono, ikivuruga tope kwenye majaruba ya mpunga ya Mbarali, Tanzania, tazama visu vyake vilivyopinda.

Namna ya kuanza ni rahisi. Hataza nyingi za zamani zinasomwa bure kwenye intaneti. Za kwetu zitafute kwenye ofisi za BRELA ya Tanzania na KIPI ya Kenya, au kwenye shirika la kikanda la ARIPO kule Harare. Chagua moja fupi, soma inalalamikia nini, tafuta inayolalamikiwa, kisha endelea kurudi nyuma. Kwa Marekani utakwama mwaka 1836, mwezi Desemba, moto ulipoteketeza ofisi pamoja na nyaraka za hataza takriban 10,000. Sehemu tu ilipatikana tena, kwa nakala za wavumbuzi wenyewe, nazo zimepewa namba zenye herufi X. Newbold na Wood wote wawili wako upande ule wa moto, kwa hiyo kwao itabidi ufungue pia magazeti ya kilimo, barua na kumbukumbu za mahakama.