Fayawoli ya Kompyuta Yako Inakuambia Nini?

Umefungua ripoti ya fayawoli ukakuta mistari mingi ya DROP? Usishtuke. Hiyo inamaanisha hodi imepigwa na mlango haukufunguliwa. Mtandaoni kuna programu zinazobisha kila mlango, usiku na mchana.

Kwenye Windows, rekodi hizi huwa zimezimwa mpaka uziwashe. Hukaa kwenye faili ya pfirewall.log. Kwa kila mstari, angalia:

- DROP (imezuiwa) au ALLOW (imeruhusiwa).
- Anwani ya anayetuma. Ikianza na 192.168, mara nyingi ni kifaa cha hapo nyumbani: simu, TV au printa.
- Poti inayobishwa. 3389 ni ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali.
- RECEIVE (inaingia) au SEND (inatoka).

Ukiona ALLOW, RECEIVE na poti 3389 kutoka kwa anwani usiyoijua, chukua hatua mara moja. Kata intaneti, zima Remote Desktop, kisha badilisha nenosiri la kompyuta. Kama uliwahi kuandika PIN yako ya pesa kwenye kompyuta hiyo, ibadilishe pia, ukitumia simu yako.

Lakini fayawoli haizuii mlango unaoufungua mwenyewe. Mtu akikupigia akidai anatoka kwetu, akuambie uweke programu ndiyo "akurudishie pesa", programu hiyo itaonekana kama mawasiliano ya kawaida yanayotoka: ALLOW, SEND. Kata simu. Sisi hatukuombi PIN, wala hatuhitaji kuingia kwenye kompyuta yako.